Wajuzi wa Maziwa Yangu

Mtoto wangu wa kwanza hakuwa amemaliza saa moja duniani mama mkwe wangu alipolishika titi langu la kushoto, akalikamua kama mtu anayekamua nguo aliyoifua, na kuyamwaga maziwa ya kwanza kwenye beseni la kunawia. Yalikuwa ya manjano, mazito, machache. Aliyatazama kwa karaha.

"Hii ni usaha," alisema. "Mutoto hanywi hii. Tunangoja ile nyeupe."

Nilikuwa kwenye kitanda cha maternite moja, yaani kituo cha kujifungulia, hapa mtaani Kabondo. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Yanonge siku mbili kabla, kwa mashua, pamoja na kuku wawili, kiti chake mwenyewe cha mbao na uhakika juu ya kila jambo ambalo Mungu aliliumba. Alikuwa amezaa watoto saba, na uzazi huo aliutaja kama mwanajeshi mstaafu anavyotaja vita. Kwamba kati ya saba hao walioishi ni watatu tu, hilo hakulitaja, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Ukutani, juu ya kitanda changu, palikuwa na bango kubwa la mama anayenyonyesha huku akitabasamu. Maandishi ya Kifaransa yalieleza kwamba maziwa ya kwanza ni chanjo ya kwanza ya mtoto. Muuguzi wa zamu alikuwa ameliegemea bango hilo kwa bega, akiangalia simu yake. Aliona kila kitu. Aliliona beseni, aliyaona maziwa yakimwagwa, alimwona mama mkwe akichovya kidole katika maji ya sukari na kukitia kinywani mwa mwanangu. Akarudi kwenye simu yake. Alikuja kwangu baadaye, mtoto alipozidi kulia, akayatazama matiti yangu kama mtu anayetazama nyanya sokoni ambazo hana nia ya kununua.

"Chuchu iko fupi," alisema. "Na maziwa iko kidogo sana. Bon. Mama, na hizi mutoto atasumbuka."

Alivuta droo na kutoa kopo la maziwa ya unga. Alisema kuna mama aliyelisahau pale. Miezi michache baadaye nilikuja kujua kwamba mama huyo msahaulifu alikuwa akisahau makopo katika droo ile kila wiki, na kila wiki kulikuwa na mzazi mwenye chuchu fupi wa kuyanunua.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Mtu akiniuliza leo niliamuaje kumlisha mwanangu, sina budi kukiri kwamba nilikuwepo wakati wa kuamua, lakini kama godoro linavyokuwepo.

Mume wangu ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari. Ni mtu mpole, msomi wa kutosha, na anaweza kuchora mto wetu na vijito vyake vyote ubaoni bila kutazama kitabu. Nilidhani angesema neno. Alilipokea kopo lile kwa mikono miwili, akalileta nyumbani akiwa amepanda toleka, yaani baiskeli ya abiria, akiwa amelipakata mapajani pasipo mfuko wowote wa kulifunika, kusudi mtaa mzima ulione. Kisha akaliweka juu ya kabati la sebuleni, kando ya televisheni, picha ya mtoto mnene iliyo kwenye kopo ikiwa imeelekezwa mlangoni. Kila mgeni aliyeingia kunipongeza alimwona kwanza mtoto wa kopo, ndipo akaulizia wangu.

"Ah, muko mnatumia lait ya boîte," walisema, wakimaanisha maziwa ya kopo, na mume wangu akajibu "ndiyo, ndiyo," kwa sauti ya unyenyekevu ambayo hakuwa nayo siku nyingine yoyote.

Alikuwa na sababu nyingine, nami nilichukua muda kuigundua. Mama yake, yule yule aliyemwaga maziwa yangu, hakuwa adui wa kunyonyesha. Siku ya tatu, maziwa yalipokuwa meupe, aliniamuru nimtie mtoto kifuani. Lakini aliamuru pia kwamba mume wangu ahamie sebuleni na alale kwenye kiti kirefu mpaka mtoto aanze kutembea, kwa kuwa mwanamume akimkaribia mke anayenyonyesha maziwa huharibika na mtoto hudhoofu. Alilisema hilo mezani, mbele ya sahani za lituma, yaani ndizi za kupondwa, na samaki, kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia. Mume wangu aliacha kutafuna. Kuanzia siku hiyo alikuwa mtetezi mkubwa wa kopo. Alisoma maandishi yake yote. Alitusomea vitamini moja moja.

"Unatetea vitamini ama unatetea kitanda?" nilimuuliza tulipokuwa peke yetu.

Alikohoa, akasema ana daftari za wanafunzi za kusahihisha.

Kutoka Kinshasa, dada yake mdogo alitupigia simu ya video. Alikuwa akifanya kazi katika ofisi yenye kiyoyozi na hakuwa na mtoto bado, upungufu ambao haukumzuia kujua yote. Alitaka nimwonyeshe mtoto, nikamwonyesha. Kisha akataka tuzungumze kama wanawake.

"Semeki, usinyonyeshe," alisema, akiniita wifi kwa lugha ya huko. "Kifua itaanguka. Huku bamama ba bureau habanyonyeshi tena, ile ni mambo ya kijiji. Miye nitakutumia makopo, usiwe na wasiwasi."

Mama mkwe aliyasikia hayo kutoka kwenye kiti chake cha mbao. Nilingoja amkemee binti yake. Alisema tu kwamba Kinshasa wana akili nyingi, kisha akaniomba nimsogezee simu ili naye aonekane.

Mpaka hapa nimewadharau wengine, na nitaendelea kuwadharau, maana walistahili. Lakini sitakuwa mwongo. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuwa nimemaliza shule, nilikuwa nimelisoma bango lile la ukutani neno kwa neno wakati wa uchungu, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kusoma. Maziwa meupe yalikuja, na yalikuja kwa wingi. Vitenge vyangu vililowa. Muuguzi alikuwa amedanganya na kifua changu kilikuwa kinathibitisha. Hata hivyo nilikifunga kwa kitambaa kwa nguvu mpaka kikauma, kikawa kigumu kama jiwe, kikapoa, kikakauka. Nilifanya hivyo mwenyewe, mchana, nikiwa na akili timamu.

Sababu yangu ilikuwa jirani yangu.

Nyuma ya ukuta wetu wa mabati aliishi mwanamke wa rika langu, mke wa mvuvi, mzaliwa wa zile familia za wavuvi wanaoishi kando ya maporomoko. Alikuwa akiuza samaki mbele ya nyumba yake, wabichi asubuhi na waliokaushwa kwa moshi jioni, na wakati huo alikuwa na mtoto wake wa tano. Mtoto huyo alinyonya akitaka. Alinyonya mama akipima samaki, mama akibishana na mteja, mama akifukuza nzi. Titi lilikuwa nje siku nzima kama chombo cha kazi. Mimi nilikuwa mpiga taipu katika duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi katikati ya mji. Nilivaa viatu vya kisigino, watu waliniita madame. Nilinunua samaki kwake nikiwa nimesimama mbali kidogo, nikiwapokea kwa ncha za vidole. Nilipofikiri juu ya kunyonyesha, sikufikiri juu ya mtoto wangu. Nilimfikiria yule mwanamke na nzi wake, nikajiambia kwamba mimi si yeye. Huo ndio uzito wote wa hoja yangu. Kati ya wajuzi wote niliowataja, mimi ndiye niliyekuwa na sababu ya kijinga kuliko zote, na mimi ndiye niliyekuwa mama.

Miezi miwili tuliishi kwa makopo. Mtoto hakunenepa kama yule wa kwenye picha, lakini aliishi. Kisha umeme wa bwawa la Tshopo ukakatika kwa siku nyingi, na umeme ukikatika pampu hulala na bomba hutoa hewa. Tukaanza kutumia maji ya kisima cha mtaa. Nilikuwa nayachemsha, mwanzoni. Baadaye makaa yakawa ya kutafuta, nikawa nayapasha moto tu mpaka yatoe mvuke, nikijiambia yamechemka. Chupa ya kunyonyea niliisuuza katika maji yale yale. Wakati huo huo makopo ya wifi yakachelewa. Yalikuwa kwenye meli iliyokuwa imekwama kwenye mchanga mahali fulani mtoni. Mume wangu, bingwa wa vitamini, akapunguza vijiko. Pale palipoandikwa vitatu, tulitia kimoja na nusu. Maziwa yalikuwa na rangi ya maji ya mchele.

Mtoto akaanza kuharisha siku ya Jumatatu. Jumatano utosi wake ulikuwa umebonyea na alikuwa analia bila machozi. Mama mkwe alisema ni meno. Mtoto wa miezi miwili na nusu. Mume wangu alisema tungoje mpaka jioni. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikatoka, nikapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama.

Hospitalini walimtundikia maji kwa mshipa wa kichwani, kwa kuwa mishipa ya mikono haikuonekana. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Kufikia saa sita mchana mume wangu na mama yake walikuwa wamefika, tukawa watatu tumesimama mbele yake.

"Mutoto huyu anakula nini?" aliuliza.

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu alimtazama mama yake. Mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye mashua, aliangalia sakafu. Watu wote waliokuwa na maoni juu ya kifua changu walikuwa wameishiwa maoni kwa pamoja.

"Ya kopo," nilisema mwisho. "Na maji ya kisima."

"Na mabele yako, iko na ugonjwa?" aliuliza, akinionyesha kifua kwa kalamu.

"Hapana. Niliikausha."

Hakunikemea. Alionekana amechoka mno kwa hilo. Alisema wana watoto wanne wa namna hiyo katika chumba kile. Alisema nikitaka ninaweza kujaribu kuyarudisha maziwa, inawezekana, lakini itataka uvumilivu, na kwamba yeye mwenyewe amelisoma jambo hilo bila kulifanya. "Tafuta mama mumoja mwenye ananyonyesha," alisema. "Akuonyeshe."

Aliyekuja, siku iliyofuata, bila mtu kumwita, ni yule mke wa mvuvi. Alikuwa amesikia mtaani. Alileta mchuzi wa samaki katika sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba, na mtoto wake kiunoni. Alikaa pembeni ya kitanda, akamtazama mwanangu kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Ulifunga kifua," alisema. Haikuwa swali.

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

Sikuweza kumwambia sababu. Nilisema nilishauriwa. Alicheka kidogo, puani, bila furaha, na nikahisi kwamba alijua kila kitu, hata jinsi nilivyokuwa nikipokea samaki wake.

"Bon. Toa," alisema. "Toa titi. Hapa hakuna mutu wa kukuangalia, kila mutu iko na shida yake."

Akanionyesha. Nilimweka mtoto kifuani, naye akakataa; alikuwa amezoea mpira wa chupa. Basi yule mwanamke akachukua kijiko na maziwa kidogo tuliyopewa hospitalini, akawa anayadondosha juu ya titi langu tone kwa tone, yateleze mpaka kwenye chuchu, ili mtoto akinyonya apate kitu. Mtoto akanyonya mara tatu, akaacha, akalia, akanyonya tena. Chuchu yangu fupi, ile iliyohukumiwa kwa mtazamo mmoja, iliingia kinywani vizuri kabisa.

"Kila mara akilia, fanya hivi," alisema. "Na asipolia, fanya pia. Usihesabu."

Hakukuwa na kitu kwa siku nane. Nataka hilo lijulikane, kwa kuwa watu husimulia mambo haya kana kwamba maziwa hurudi kama umeme, mara moja, na taa zote zikawaka. Siku ya tisa nililiona tone. Lilikuwa dogo, la rangi ya maji. Mwanamke yule alikuja kila alipomaliza samaki wa asubuhi, kwanza hospitalini, kisha nyumbani, akakaa kwenye kiti cha mbao cha mama mkwe bila kuomba ruhusa. Mama mkwe alisimama. Maziwa ya kijiko yakawa yanapungua kidogo kidogo, na kufikia wiki ya nne hatukukihitaji tena.

Siku moja nilimuuliza yeye aliamuaje kuwanyonyesha wote watano. Niliuliza kwa unyofu. Nilidhani ataniambia juu ya mama yake, au mafundisho fulani ya kanisani.

"Kuamua?" alisema. "Nani aliniuliza? Ningewapa nini ingine, samaki?"

Kisha akainuka, kwa sababu mteja alikuwa anamwita ng'ambo ya mabati.

Mwanangu alipoanza kunenepa, wajuzi wakarudi, mmoja mmoja. Mama mkwe aliwaeleza wanawake wa kanisani kwamba maziwa yalirudi kwa nguvu ya papai bichi alilokuwa akinipikia. Ni kweli alinipikia papai, mara mbili, na nililila. Mume wangu, ambaye sasa alikuwa kwenye kiti kirefu kila usiku, kwa amri ambayo safari hii niliiunga mkono mimi mwenyewe, aliwaambia walimu wenzake kwamba yeye tangu mwanzo hakuyaamini makopo. Wifi alipiga simu kunipongeza. Kinshasa, alisema, hata wake za wakubwa sasa wananyonyesha. Naturel ndiyo iko ya kisasa. Alilisema bila haya, na kiyoyozi chake kikivuma nyuma.

Siku ya kupima watoto uzito, pale pale maternite, muuguzi wa droo alinisimamisha mbele ya akina mama wapatao thelathini. Alininyooshea kidole mimi, kisha bango.

"Muangalie mama huyu," alisema. "Huyu alisikia tuliyomufundisha."

Akina mama walipiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Siku hiyo hiyo palikuwa na msichana aliyetumwa na mradi fulani kutuhoji. Alikuwa na kompyuta ndogo ya mkononi, fulana mpya na adabu nzuri. Aliniuliza ni nani au ni nini kilichonisukuma kuamua kunyonyesha. Akanisomea majibu ya kuchagua: mume, mama mkwe, muuguzi, redio, kanisa. Mume wangu alikuwa kando yangu ameshika kadi ya mtoto, shati limepigwa pasi, akinitazama kwa matumaini.

"Mume," nilisema.

Msichana aligusa kioo chake na kunishukuru. Nafikiri jibu langu liko mahali fulani sasa, limejumlishwa na mengine, na kuna mtu anaandaa semina ya akina baba.

Nilimsimulia mke wa mvuvi jioni ile, mbele ya samaki wake, nikitaka anilaumu. Hakulaumu. Aliuliza kama mashine ile ilikuwa na mahali pa kuandika muuza samaki. Nikasema hapana. "Alors, ungesema nini ingine?" alisema, na akanifungia ngolo wawili, yaani kambare. Miezi michache baadaye mume wake alipata kazi ya uvuvi kule Ubundu, wakahama na watoto wote watano. Sikuwahi kumshukuru ipasavyo. Nilinunua samaki wengi, hilo tu.

Mwaka jana wifi akapata mimba. Alinipigia alasiri moja kuniambia, sauti yake ikiwa ndogo kuliko nilivyoizoea, na akaniuliza, kana kwamba ni jambo la kupita tu, nina mawazo gani kuhusu kunyonyesha. Nilikuwa nayo. Nilimweleza juu ya maziwa ya manjano, juu ya wauguzi na droo zao, juu ya maji, juu ya mama yake mzazi, juu ya kijiko. Nilimwambia afanye hivi na asifanye vile. Nilimwambia asimsikilize mtu yeyote. Nilizungumza mpaka simu ikapata moto sikioni.

Aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Semeki, weye wakati ule, kama miye ningekuambia haya yote, ungesikia?"

Nilimwambia mtoto ananiita, nikamuaga. Mume wangu, aliyekuwa akisahihisha daftari mezani, hakuinua kichwa. "Umesema mingi," aliniambia nilipoiweka simu chini.

Mtoto wa wifi alizaliwa mwezi wa tatu, msichana, mzima. Walitutumia picha. Amefungwa katika blanketi nyeupe, uso tu unaonekana. Sijui alimpa nini wiki ile ya kwanza. Hakuniambia, nami, kwa shida sana, sikumuuliza.